Hita ya Noah ilikuwa inapuliza baridi tu, fundi wa Njombe kaipatia bila kufungua dashibodi

Nimesubiri wiki tatu kabla ya kuandika hii, maana gari ikitoka gereji siku ya kwanza kila kitu huwa kizuri, nikataka asubuhi za baridi zipite kadhaa na safari ya Makete kwenda na kurudi iishe ndo nije niseme. Sasa nasema. Kama una gari hapa Njombe au Makambako au hata Mafinga na hita inakupulizia baridi, kuna fundi upande wa kutokea mjini kuelekea Songea, gereji yake ya mabati ina miti ya miwati kwa nyuma, jina lake hapendi liwekwe huku ila ukifika pale ukauliza fundi wa Noah watakuonyesha tu.

Gari yenyewe ni Toyota Noah ile ya zamani, SR40, injini ya 3S inayokaa chini ya viti vya mbele. Tuliinunua Dar kwa mtu aliyekuwa akiitumia Mbagala, nilivohamishiwa kazi huku tukapanda nayo. Dar hita nani anaiwasha? Tuliikagua AC tukaona inapooza, tukakagua breki, matairi, tukaridhika. Ile swichi ya hita yenye rangi nyekundu kwenye dashibodi hakuna aliyewahi kuigusa.

Tumefika huku mwezi wa tano. Kwa ambaye hajafika, Njombe iko juu karibu mita 2,000 na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi unaamka bati limelowa, pumzi inatoka mdomoni kama moshi, na ukipanda zaidi kuelekea Makete na Kitulo ndo unakuta sakitu imelala kwenye majani ya viazi. Nikawasha hita, feni inavuma vizuri kabisa, naweka mwisho wa nyekundu, nasubiri dakika tano, kumi, ishirini, upepo unaotoka ni uleule wa nje. Tena wa nje una nafuu maana haukupigi usoni.

Mtu anaweza kusema si uvae koti. Koti tunavaa. Shida ni kioo. Mama yangu ana kliniki hospitali ya Ikonda, hukohuko Makete, tunatoka alfajiri saa kumi na moja ili tuwahi foleni, ndani tupo watu watano wanapumua, nje nyuzi joto 7 au 8, kioo cha mbele chote kinakuwa cheupe ndani ya dakika mbili. Nafuta kwa kanga, kinarudi. Nafungua dirisha, mama nyuma anaanza kukohoa. Na barabara ile alfajiri ina ukungu na malori ya mbao yanakuja yamewasha taa zote, sasa taa ya lori ikipiga kwenye kioo chenye mvuke huoni kitu, huoni kabisa, unashika usukani unaomba Mungu. Siku moja nilisimama pembeni nikazima gari nikakaa tu, mikono inatetemeka na sio kwa baridi. Kwaiyo nikisikia mtu anasema hita ni anasa namshangaa, huku kwetu hita ni kama waipa.

(Kidogo hapa kwa mwenye shida ya kioo wakati bado hujafika kwa fundi: washa AC hata kama kuna baridi, maana AC inakausha hewa, na hakikisha ile batani yenye kigari na mshale unaozunguka ndani imezimwa ili hewa iingie ya nje. Ikiwa imewashwa mnazungushiana pumzi zenu wenyewe na kioo hakitakauka hata iweje. Mimi nilikaa mwezi mzima nikiwa nimeiwasha nikidhani inatunza joto.)

Kabla ya kumpata huyu fundi nilienda sehemu mbili. Ya kwanza kwa fundi umeme, akapima fyuzi akasema mota ya feni imechoka. Nikamwambia kaka feni inavuma mpaka karatasi zinaruka, akasema ndio lakini haina nguvu ya kuleta joto. Feni hailetagi joto jamani, feni inasukuma hewa tu. Hilo sikulijua siku hiyo ila moyo ulikataa nikaondoka. Ya pili ni gereji kubwa tu, ina watu na ina mashine ya kupimia, wakachomeka mashine, haikuonyesha kosa lolote, wakasema basi ni rejeta ndogo ya hita imekufa, iko nyuma ya dashibodi, inabidi dashibodi yote ishuke, spea iagizwe Dar, jumla laki nne na elfu ishirini na gari ilale siku tatu. Niliuliza mmejuaje imekufa? Wakasema dada hita hizi ndo ugonjwa wake. Hakuna aliyegusa hata bomba moja. Nilikaribia kutoa hiyo hela, nasema ukweli, maana safari ya Ikonda ilikuwa imebaki wiki moja.

Aliyenielekeza kwa huyu mwingine ni mama anayeuza maparachichi pale ninaponunua, mume wake ana Noah ya abiria.

Nilifika saa moja na nusu asubuhi. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, akaniuliza gari ina nini, nikasema hita. Sasa kilichonivutia tangu mwanzo, hakukimbilia spana. Alivuta kigoda akakaa akaanza kuniuliza maswali kama daktari wa zamani. Imeanza lini? Tangu tununue. Mshale wa joto kwenye dashibodi unapanda hadi wapi? Nikamwambia haupandi, uko chini kabisa, hata tulipopanda mlima na mzigo haukufika robo, na mume wangu alikuwa anaisifia kwa hilo, anasema gari hii haichemshi. Fundi akatikisa kichwa. Mnaongeza maji mara ngapi? Tunaongeza kidogo kila wiki. Maji gani? Ya bomba. Mafuta inakulaje? Inakula sana, kilomita 7 kwa lita na siendeshi kwa fujo. Kapeti ya mbele upande wa abiria inalowa? Hapana. Kuna harufu ya utamu utamu ukiwasha hita? Hapana. Akasema basi mama, hiyo rejeta ndogo haijatoboka, ikitoboka inakulowanishia kapeti na kioo kinapata ukungu wa mafuta mafuta wenye hiyo harufu. Hapo hajafungua hata kiti, tayari ile laki nne na ishirini imeanza kuyeyuka.

Akanielewesha kitu ambacho ningeelezwa siku ya kwanza nisingezunguka. Hita ya gari haina moto wake. Haina koili kama pasi. Inachofanya ni kuazima joto la injini: maji yale yanayopooza injini yakishapata moto, sehemu yake inapita kwenye mipira miwili inaingia kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hewa kwenye hiyo rejeta, hewa inatoka na joto. Kwaiyo hita ikipuliza baridi maswali ni matatu tu. Injini yenyewe inapata moto? Maji ya moto yanafika kwenye rejeta ndogo? Na hewa inapita pale kweli au kile kimlango cha ndani kinachochanganya joto na baridi kimekwama? Ukijibu kwa mpangilio huo hufungui dashibodi bure.

Gari ilikuwa imelala usiku mzima na mwendo hadi pale ni mfupi, akasubiri ipoe kabisa ndo akafungua kifuniko cha rejeta. Alinisisitiza hapa na mimi nasisitiza: usifungue rejeta ya moto, maji yaliyo kwenye presha yakiona upenyo yanaruka usoni, kuna mtu ameungua hivo jirani na kwetu. Maji yaliyokuwemo yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Kutu tupu. Alichovya kidole akasugua, akanusa, akasema hamna oili humu, nashukuru.

Kisha akamwambia kijana wake awashe gari huku kifuniko kiko wazi, akaniita nichungulie. Maji yalikuwa yanakimbia palepale, dakika ya kwanza, injini bado baridi. Akasema umeona? Yalitakiwa yatulie. Kwenye gari isiyo na shida kuna kigeti kinaitwa themostati, kinafungwa injini ikiwa ya baridi ili maji yazunguke ndani ya injini peke yake yapate moto haraka, yakifika kama nyuzi 82 ndo kigeti kinafunguka yaende rejeta kubwa kupoozwa. Yako yanaenda rejeta tangu asubuhi. Kigeti ama kimekwama wazi ama hakipo.

Ana kale kabunduki ka kupima joto kanakotoa taa nyekundu, ukielekeza kwenye kitu kanasoma. Gari iliunguruma dakika ishirini, akapima bomba linalotoka kwenye injini: 47. Nje siku hiyo kama 9. Akasema kwa 47 hata chai huwezi kunywa, hita itapata wapi moto. Halafu akachukua boksi la kawaida la karatasi akaliweka mbele ya rejeta kuziba upepo, tukasubiri, baada ya kama robo saa kakasoma 63 na kwenye matundu ya dashibodi nikasikia uvuguvugu kwa mara ya kwanza tangu tununue hiyo gari. Yaani nilishika mdomo. Boksi! Akalitoa haraka, akaniambia hilo ni la kupimia tu, madereva wengine wanaendesha nalo asubuhi, jua likitoka wanasahau wanaunguza hedi, yaani kichwa cha injini.

Alipofungua nyumba ya themostati ilikuwa tupu. Hamna kitu. Mtu aliitoa akafunga, basi.

Sasa hili nitalisema kwa kirefu maana wengi humu mmenunua magari yaliyotoka Dar, Tanga, Morogoro. Huko kuna mafundi wanatoa themostati kama wanavyobadili oili, gari ikichemsha mara moja tu jibu ni "toa themostati, hii ni ya nchi za baridi". Fundi wangu alikuwa na hasira nalo kabisa, hasira ya kweli, akaniletea themostati moja ya zamani aliyokuwa nayo kunionyesha. Anasema kwenye joto la Dar themostati nzima inakuwa imefunguka muda wote gari ikiwa na moto, haizuii chochote, iliyokwama ikiwa imefungwa ndo inachemsha gari, na dawa yake ni kuweka nyingine nzima. Tena akanionyesha kisahani cha pili kwa chini, akasema hiki kikishuka kinaziba ile njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini, ukiitoa themostati njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta, kwaiyo mlimani na mzigo unaweza ukachemsha zaidi kuliko mwanzo. Na injini inayofanya kazi ya baridi kila siku, kompyuta yake inadhani ndo kwanza imewashwa, inamwaga petroli ya ziada, oili haipati moto wa kukausha unyevu, ukifungua kifuniko cha oili unakuta utando kama maziwa. Tulifungua cha kwangu. Ulikuwepo. Niliogopa nikadhani ni gasketi ya hedi, akapima rejeta hamna mapovu, eksozi haitoi moshi mweupe baada ya kupata moto, akasema ni unyevu tu, tutabadili oili tuangalie tena. Wiki tatu sasa haujarudi.

Spea alinipa chaguo mbili, ya kawaida elfu 15 na orijino elfu 38, na hakunisukuma. Alichofanya kabla ya kufunga ndo kilinimaliza. Alichemsha maji kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, akaitumbukiza themostati mpya imening'inia kwa waya ili isiguse chini, akaniambia tazama hapo katikati. Maji yakawa yanatoa viputo, kidude kikaanza kujisukuma taratibu mpaka kikaacha mwanya wa kama milimita 8. Akakitoa kwenye ubaridi kikajifunga. Anasema mpya nazo huwa mbovu, bora ujue ikiwa kwenye sufuria. Akaongeza kwamba kwa huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100, lakini kwa themostati ya 82 yanatosha. Na hilo la 93 ndo sababu anakuwa mkali na vifuniko vya rejeta, maana kifuniko kizima kinashikilia presha na presha inayazuia maji yasichemke mapema, cha kwangu mpira wake ulikuwa umekatika akasema nacho kibadilishwe.

Akafunga, akarudishia maji ya kawaida kwanza ya majaribio, tukawasha. Dakika kumi na mbili mshale ukafika karibu na nusu na ukakaa pale. Nilikuwa sijawahi kuuona hapo. Nikawasha hita nikijua yamekwisha. Ikatoka vuguvugu, sio moto. Nilivunjika moyo kidogo, nikamwangalia, yeye wala hakushtuka, alisema nilijua, kwa yale maji niliyoyaona nilijua.

Akaniita nishike mipira miwili inayoenda kwenye hita, nishike haraka nisiungue. Mmoja ulikuwa wa moto kabisa, mwingine wa baridi. Hapa wekeni akilini, hiki kipimo hakihitaji mashine na unaweza kufanya mwenyewe gari ikiwa na moto na umeizima, ukichunga feni na mikanda. Yote miwili ikiwa ya moto na ndani bado baridi, maji yanafika, shida ni kile kimlango cha hewa au kebo yake imechomoka au kimota chake kimekufa. Mmoja moto mmoja baridi, rejeta ndogo imeziba au ina hewa. Yote miwili baridi na injini ina moto, basi maji hayaendi kabisa, ni machache, au pampu imechoka, au mtu ameziba njia. Dakika moja tu, mkono wako mwenyewe. Wale wa laki nne na ishirini hawakufanya hili.

Akachomoa mipira yote miwili, akaunganisha mpira wa bustani upande ule ambao maji huwa yanatokea ili yasukume kinyume, na akafungua bomba kidogo tu, anasema ukiweka presha kubwa unaipasua hiyo rejeta na hapo ndo dashibodi itashuka kweli. Kilichotoka upande wa pili, jamani. Kahawia nzito kama tope la kisima, na vipande vya magamba ya kutu, na chumvi. Gari ya Mbagala, maji ya kisima yenye chumvi miaka mingapi sijui, yote yameganda mle. Alirudia huku na huku zaidi ya nusu saa mpaka maji yakatoka meupe. Rejeta kubwa nayo akaisafisha, na maji kwenye bloki ya injini akayamwaga mara tatu.

Kulanti, yaani dawa ya maji ya kupoozea injini, akaweka nyekundu ya kuchanganya, galoni ya lita 4 kwa maji ya betri lita 4 na kitu. Hapa niliuliza kwa nini maji ya betri, akasema ni maji yaliyoondolewa madini, hayana chumvi wala chokaa, ila uwe makini dukani usije ukapewa asidi ya betri, waulize mara mbili. Nusu kwa nusu hivo haigandi hata ukilala Kitulo na inazuia kutu, na maji ya bomba hayatakiwi tena humo, labda umepata dharura njiani.

Kazi iliyochukua muda na ambayo nadhani wengi wanairuka ni kutoa hewa. Noah injini iko chini ya viti, rejeta iko mbele, mabomba marefu, hewa inajificha popote na ikikaa kwenye rejeta ndogo hita inakuwa baridi hata kama kila kitu ni kipya. Aliipandisha gari kwenye kilima cha pale gereji pua ikiwa juu, hita imewekwa mwisho wa moto, akawa anaongeza kidogo kidogo, kijana anakanyaga mafuta taratibu, yeye anaminya mipira kwa kitambaa, kila akiminya linatoka povu kwenye mdomo wa rejeta, anaongeza tena. Dakika arobaini. Mtu mwingine angejaza akafunga akaniambia nenda.

Halafu akaelekeza kabunduki kwenye tundu la katikati la dashibodi. 58. Nikaweka mkono nikautoa.

Gharama: themostati 38,000, kulanti 60,000, maji ya betri 10,000, ringi ya mpira na klipu mbili mpya 6,000, ufundi 60,000. Jumla 174,000, oili na kifuniko cha rejeta ni nje ya hapo. Niliingia saa moja na nusu nikatoka saa tisa alasiri siku hiyohiyo, dashibodi haijaguswa hata skrubu.

Matokeo kwa wiki tatu. Asubuhi nawasha, naondoka taratibu bila kusubiri sana, nikifika kama kilomita tatu hewa ni ya moto, kioo kinakauka kuanzia chini kwenda juu, unaona kabisa utando unavyojivuta. Mafuta yametoka kilomita 7 hadi 8 na kidogo kwa lita, nimepima mara mbili kwa kujaza tenki. Maji sijaongeza tone. Na safari ya Ikonda mama alikaa kiti cha mbele, tulipofika nilikuta ameshusha blanketi miguuni na amelala, na mama yangu halalagi kwenye gari.

Nisiseme mazuri tu. Gereji haina sehemu ya kukaa mteja, nilikaa kwenye gogo kutwa nzima kwenye upepo, mwanamke mwenye mtoto mchanga atateseka, na choo ni cha kuomba nyumba ya jirani. Risiti hakunipa mpaka nilipoomba akaandika kwa mkono kwenye daftari akachana. Simu hapokei akiwa chini ya gari na anakuwa chini ya gari muda wote, kwaiyo kupanga miadi ni kwenda mwenyewe. Na bei ya ufundi hakusema mwanzoni, alisema "tutaongea", mimi sipendi hilo, nilikuwa na wasiwasi hadi mwisho japo bei ilikuja kuwa ya haki. Fundi kama unasoma hii, sema bei mapema tu, watu watakuja zaidi. Nyota 4 kati ya 5, kazi yenyewe ni 5.

Kwa wenye magari mengine, aliniambia dalili nyingine za kuangalia ambazo kwangu hazikuwepo. Hita ikiwa moto ukikanyaga mafuta na baridi ukisimama kwenye taa au foleni, kwanza tazama maji, mara nyingi ni machache au pampu imeliwa mapanga yake. Ukiongeza maji yanaisha na huoni yanapovuja, na kwenye rejeta kuna mapovu yasiyokwisha, hapo usicheze na hita, wahi hedi ipimwe. Na kama hita ilikufa palepale baada ya gari kubadilishwa pampu au mpira wa rejeta, rudi kwa huyohuyo aliyefanya umwambie atoe hewa, usikubali kuuziwa kitu.

Bado nina deni kwenye gari hii. Noah ina hita ya pili ya nyuma kwa abiria, na tulipoitafuta tukakuta mipira yake imekatwa huko ilikotoka, ikaunganishwa kwa kipande kimoja kilichopinda, maji yanageuza hapo yanarudi. Fundi alijaribu kuirudisha, ikaanza kudondosha chini ya kiti cha nyuma, tone moja moja, kwaiyo akaifunga tena vilevile na akaniambia wazi kwamba hiyo imetoboka kweli. Anatafuta ya mtumba kutoka kwenye Noah iliyokatwa huko Makambako. Jumanne narudi, nikiwa na kigoda changu na shuka, na bei ya kazi hii nimemwambia anitajie kabla hajafungua kiti.